Picha za Jumamosi na Wifi

Wifi aliniambia siku ya Jumatano, amesimama mlangoni mwa chumba changu cha kushonea na sare yake ya uuguzi bado mwilini, kwamba Jumamosi hii ndiyo ya mwisho. "Twende hii, halafu tupumzike na mambo ya sinema," alisema. Kisha akaniuliza kama sketi yake imekwisha. Nikamwambia bado pindo. Akaenda zake.

Nikabaki na sindano mkononi. Mtu mwingine akikwambia tupumzike na sinema, ni sinema tu. Kwangu ilikuwa habari nyingine. Wifi ni dada wa marehemu mume wangu, na mume akishaondoka, wifi anabaki wifi kwa hiari yake. Sikujaliwa mtoto wa kunifunga na ukoo ule. Kilichobaki kati yetu ni Jumamosi, picha ya saa tisa alasiri, na mabishano ya njiani tukirudi. Hilo likikatika, tutakuwa watu wa kuonana misibani, na mimi sikutaka hivyo hata kidogo.

Basi nilitaka kujua sababu, na mimi nikitaka kujua jambo huwa sikai nikatulia. Nikiwa juu ya cherehani nikaanza kuzipekua picha zote tulizoona, maana nilihisi nimemchosha kwa maoni yangu. Nina maoni mengi. Marehemu alikuwa akisema mke wake anaingia sinema na mkasi.

Chukua ile ya mpelelezi. Kapigana na genge zima juu ya paa, kaanguka ghorofani, kazama mtoni, na shati halijatoka hata kifungo. Mimi nashona mashati ya wanafunzi, najua kifungo kinavyong'oka mtoto akikimbilia kengele tu. Nikamnong'oneza wifi palepale, "Tumuulize fundi wake ni nani, nikajifunze kazi." Hakujibu. Kakaza macho mbele. Tulipotoka nje, yeye kilichomkera ni bega. "Bega limeteguka vile, halafu hapohapo ananyanyua mlango wa chuma? Aje wodini kwangu, nimfunge bandeji mpaka aite mama yake."

Ile ya mzimu niliipenda mwanzoni. Nyumba kubwa, ngazi zinalia, mapazia mazito yaliyoshonwa na mtu anayejua kazi. Lakini mzimu wenyewe, eti kafa tangu enzi za bibi wa bibi yake mtu, kageuka, na mgongoni ana zipu. Woga wote ukaniisha. Mzimu wa zipu nimwogope wa nini? Nilisema hivyo kwa sauti ya chini, na mwanamume wa safu ya nyuma akacheka mpaka akamwaga bisi zake. Wifi, tuliyegusana naye viwiko, hakutikisika.

Na ile ya mapenzi, ambayo watu walitoka macho mekundu, mimi sikuona cha kulilia. Msichana kaloa mvua, mara kakauka, mara kaloa tena, na hajaingia ndani. Hayo ni mapenzi au kamba ya kuanikia nguo? Nilimwambia wifi. Kimya. Alikuwa analia. Tulipofika nje akajifuta, akasema mama wa yule msichana kafa vibaya sana. "Mgonjwa wa mapafu hana pumzi ya kuomba maji, sembuse kuhutubia familia."

"Lakini ulilia," nikasema.

"Nililia hotuba ilipoisha. Nafuu."

Halafu kuna ile ya mzee wa milimani, lugha yenyewe hatuijui, maandishi yanapita chini ya picha. Hakuna anayepigana, hakuna anayeoa. Mzee anamtafuta mbuzi wake mwanzo hadi mwisho. Mimi nilisinzia. Wifi aliipenda kuliko zote, na hadi leo akiisimulia utadhani mbuzi ni wake. Nimemuuliza mara nyingi ameona nini mle, naye hujibu tu, "Ile hakuna kilichonipita."

Nikiwa nazipanga hivyo ndipo nikaona jambo. Nje ananibishia vizuri, tunatazamana, tunacheka. Ndani ndimo ananinyamazia. Zamani haikuwa hivyo. Mume wangu alipokuwa hai tulikaa watatu, yeye katikati, na nikitoa neno wawili hao walikuwa wakivutana shingo kitoto, kisha wifi anacheka hadi kujishika mbavu. Mume kafa, nimehamia kiti cha jirani na wifi, na kicheko nacho kimekwenda. Mwaka wa kwanza nilisema ni msiba. Wa pili nikasema ni uchovu wa kazi. Sasa nikasema, mama wee, huyu alikuwa akimchekea kaka yake, mimi hakunitaka tangu mwanzo. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu nilikuwa nayaona muda wote, naendelea kuanika.

Jumamosi tukaenda. Kwenye foleni ya tiketi nilitaka kumuuliza, "Wifi, nimekukosea nini?" Nikaishia kumuuliza bei ya tiketi. Mimi, ambaye wateja wananiambia nipunguze mdomo niongeze kasi.

Kawaida sisi hukaa mkono wa kulia wa ukumbi, mimi kiti cha pembeni penye njia, maana kanyagio la cherehani limeniharibia goti na lazima ninyooshe mguu. Siku hiyo viti vya upande ule vilizungushiwa kamba, vinatengenezwa. Tukakaa ng'ambo ya njia. Nikachukua kiti cha pembeni vilevile, ila sasa nilikuwa kuliani kwa wifi badala ya kushoto.

Picha ilikuwa ya mfalme na vita vyake. Nilijiapiza kunyamaza, kwa kuwa ndiyo ya mwisho, angalau niondoke na heshima yangu. Nikajitahidi kweli. Lakini wakatokea askari waliovuka jangwa zima kwa miguu, wanakufa kwa kiu, na suruali zao zina mstari wa pasi kama za wahudumu wa hoteli. Nikashindwa.

"Pasi waliichomeka wapi," nikanong'ona, "kwenye ngamia?"

Wifi akaangua kicheko, kile cha zamani, cha kujishika mbavu. Akanigeukia gizani. "Umesemaje?"

Nikarudia. Akacheka tena, kisha akanikamata kifundo cha mkono kama anayenipima mapigo. "Mbona leo unaongea?"

"Leo? Mimi huongea kila siku."

"Huongei. Tangu kaka afariki hujaniambia neno humu ndani."

Nikamwambia juu ya kifungo, juu ya zipu, juu ya kamba ya kuanikia. Alinisikiliza mdomo wazi. Halafu akagusa sikio lake la kushoto. "Hili lilikufa kwa homa nikiwa mdogo. Nje nakutazama mdomo, sina taabu. Humu gizani upande huu ni ukuta. Kaka hakukwambia?"

"Hakuniambia. Na wewe mbona hukusema?"

"Yeye alikuwepo, sikuona haja. Halafu nani atamtaka muuguzi aliyetangaza kwamba ana sikio bovu? Kaka alikuwa akinivuta shingo, anageuza kichwa changu, ananiambia kwenye upande huu ulio mzima. Mke wangu kasema hivi, mke wangu kasema vile. Kila neno lako, hakubakiza."

Mchezo ule wa kuvutana shingo nilikuwa nikiuona miaka yote, nikadhani ni utoto wao wa ndugu. Kumbe mume wangu alikuwa akinibebea maneno. Nilimkumbuka pale kwa namna ambayo sikuwa nimemkumbuka tangu tumzike.

Nikamsogelea wifi, mdomo karibu kabisa na sikio zima. "Sasa kwa nini unataka tuache?"

"Nilidhani unanisindikiza tu. Unakaa kimya mwanzo mwisho, kama mtu aliye kwenye benchi la zahanati, unangoja picha iishe uende kwako. Nikasema, masikini, ananibeba kwa ajili ya kaka. Acha nimfungue."

Kwenye skrini mfalme alikuwa anakata roho, naye kwa hotuba ndefu, na hakuna kati yetu aliyemwangalia. Bwana mmoja wa safu ya mbele akageuka, akasema wengine wamekuja kutazama. Alikuwa na haki yake.

"Tuvumilie, baba," wifi akamjibu kwa ile sauti yake ya wodini. "Huyu ni mke wa kaka yangu, ndiyo kwanza namsikia."

Akaniinamishia kichwa, nywele zake zikanigusa shavu. "Haya, wifi. Sema."

Nikafungua mdomo na sikupata neno hata moja. Nikabaki nalia sikioni mwake, naye akanishika mkono, akiniambia taratibu kwamba anasikia.