Mchuchumio Juu ya Barafu

...na hapa ndipo bomba la kushikilia linapoishia, kwa nini sikulikumbuka hilo, miaka saba nateremka mteremko huu kila asubuhi na sijawahi kuligusa, leo nimelishika kwa mikono miwili tangu mlangoni kwetu, hatua kwa hatua, nimeinama kidogo ili atakayeniona adhani natafuta kitu mkobani, na sasa bomba limekatika, ncha ina kutu, na mbele yangu zimebaki hatua kama ishirini za barafu tupu hadi kituo cha tramu, barafu ya aina mbaya kuliko zote, mvua imenyesha jana jioni juu ya theluji na alfajiri baridi ikaikamata, inang'aa hadi unaweza kujitazama uso, na mtu wa kumwaga mchanga sijui yuko wapi, anakunywa chai yake, ni Jumamosi, nani ana haraka Jumamosi hapa mjini Perm isipokuwa wanaooana na mimi ninayewafungisha, ndoa nne leo, ya kwanza saa nne na nusu, watasimama kwenye zulia jekundu na mimi sipo... nikirudi juu nitalazimika kugeuka, na kugeuka ndiko kubaya zaidi, kisigino cha sentimita tisa hakigeuki kwenye kioo, kinazunguka chenyewe na wewe unakifuata, nikishuka naanguka, nikianguka... hapana, sisemi, nikianguka tu basi, nakomea hapo.

Nilikuwa nikiwafundisha wasichana pale ofisi ya usajili, Zhanna unatembeaje na mchuchumio mwezi wa kwanza, nikawaambia msiburute, kiteni, kisigino kinaingia barafuni kama msumari, kita, inua, kita, na usitazame chini hata siku moja, miaka kumi na miwili natembea hivyo, wenzangu wote wanakuja na mabuti ya manyoya na viatu vya kubadilisha wamevitia kwenye mfuko, wanakaa kwenye benchi pale mlangoni wanavua, wanavaa, wanaguna, mimi napita mbele yao nikiwa tayari nimevaa, ko ko ko juu ya sakafu, na mlinzi anasema haya Zhanna ameingia, sasa ni saa tatu kasoro tano, na mimi nilikuwa napenda, Mungu anisamehe, nilikuwa napenda sana kusikia hivyo... lakini leo barafu ni ngumu, nimejaribu kukita mara moja pale juu na kisigino kimeteleza pembeni kama kimegonga chuma, mkono mmoja ukataka kwenda tumboni nikauzuia, kwa sababu madirisha ya ghorofa tano yote yanatazama mteremko huu, na mwanamke anayeteleza akashika tumbo badala ya kushika bomba, nani hataelewa.

Kabatini yako mabuti ya bapa, soli nene yenye meno, manyoya ndani, ningeyavaa leo ningekuwa nimeshafika na kukaa, Gleb ameniambia kwa simu jana kutoka huko kwenye visima vya mafuta, mwezi mzima yuko huko na mwezi yuko nyumbani, akasema Zhanna vaa yale ya bapa, nikasema nitavaa, nimemdanganya mume wangu kwa sababu ya viatu, lakini yeye hajui, wanaume hawayajui haya, mwaka jana nilipojua tu nikaenda kuyanunua yale mabuti siku hiyohiyo, kesho yake nikaingia nayo ofisini, kimya, hakuna ko ko ko, na kabla sijavua koti wote walikuwa wamenizunguka, nilikuwa sijafungua mdomo, Zhanna kavaa bapa, basi Zhanna ana habari, wakanikumbatia, mtu akaleta keki, na Inga, Inga wa dawati la vizazi, akaweka kiganja chake tumboni kwangu pale pale juu ya sketi na akakiacha hapo, akasema bahati yako, hivyo tu, bahati yako, na yeye miaka arobaini na mitatu hana mtoto na anaandika watoto wa watu kuanzia asubuhi hadi jioni... wiki tatu baadaye mimba ikatoka. Usiku ule hospitali sitaki. Sitaki kuukumbuka sasa, nimeshika bomba. Lakini mama mkwe akaja na supu ya kuku ndani ya taulo, akaiweka mezani, akavua kofia, nikadhani atanishika kichwa, akasema, "Mdomo wako, Zhanna. Ungeufunga mdomo wako." Nikamwambia Rimma Genadyevna, mimi sikusema, waliona viatu. Akasema basi ungevificha viatu. Akaniuliza nani alinigusa, nikamtajia, akatema mate mara tatu juu ya bega la kushoto na kugonga mbao ya mguu wa meza, kufukuza jicho baya, akasema unaona sasa, tumbo tupu likigusa tumbo lenye kitu linachukua, na mimi nililia nikamwamini, nilitaka kuamini, kwa sababu kama ni jicho la Inga basi si mwili wangu, kama ni viatu basi si mimi.

Kwa hiyo safari hii mchuchumio. Wanajua watatu tu, Gleb, mama mkwe na daktari, na kila asubuhi nafunga zipu ya viatu nasema leo tena, ko ko ko, hakuna habari, na kila Inga akinisogelea nashika faili mbele ya tumbo, nimekuwa hodari, hata birika la chai nalishika hivyo.

Mtu anateremka nyuma yangu, nasikia pumzi, ni mjomba Arseni wa ghorofa ya pili, amevaa soksi za sufu juu ya viatu, moja kijani moja ya kahawia, anatembea juu ya kioo hiki kana kwamba yuko sebuleni kwake, sufu inang'ang'ania barafu, kila mzee anajua na kila mzee anafanya, na sisi tunawacheka, anasimama kando yangu, ananitazama kuanzia kofia hadi visigino, polepole, anapofika visigino anatikisa kichwa.

"Zhanna, mwana wa watu, leo mbona umegandia hapa?"

Nikamwambia nasoma ujumbe.

"Simu iko mfukoni."

"Nimeshausoma, mjomba, naufikiria."

"Haya, fikiria," akasema, akatoa kiwiko, "nikushike twende, mwanamke hata akiwa malkia ana miguu miwili tu." Na hapo ningeshika, kiwiko kilikuwa hapa, kina harufu ya tumbaku na sabuni ya kufulia, nilikuwa nimeshaachia vidole viwili, lakini miaka saba mzee huyu ananitolea kiwiko na miaka saba namwambia nikushike mimi au unishike wewe, ni mzaha wetu, leo nikikishika ataniuliza, au hataniuliza, atafika kituoni na kuwaambia wale wanawake Zhanna leo kashikwa mkono, na pale kituoni... nikasema nikushike mimi au unishike wewe, akacheka, akaenda. Nimemwona akienda. Soksi ya kijani, soksi ya kahawia. Mjinga wewe Zhanna, mjinga wa mwisho.

Kwa sababu pale kituoni yupo Inga, nimemwona tangu juu, koti la bluu, mfuko wa viatu begani, mabuti yake makubwa ya manyoya, na yeye ameniona, mjomba Arseni amefika anawaambia kitu, wanawake wawili wanacheka na kunitazama, Inga hacheki, amegeuza kichwa tu, anatazama. Nimempungia mkono kama mtu asiye na shida yoyote, mtu aliyesimama hapa kutazama hali ya hewa, hakupunga, anatazama tu, na mimi nahisi yale macho kwenye koti langu, kwenye kitufe cha tatu, nimevuta tumbo ndani, halafu nikaogopa kwamba nimelivuta sana, nikaliachia, nikatema mate kimoyomoyo mara tatu, nitagonga mbao gani hapa, ni chuma na barafu tu... na miguu imeanza kutetemeka, si baridi, ni vidole, vidole vimebeba mwili wote, ukisimama juu ya mchuchumio muda mrefu mguu unaanza kucheza wenyewe, na ukianza hauachi.

Tramu hiyo. Inakuja, inagonga kengele, basi atapanda, panda Inga, panda uende, ukishaenda nitakaa chini, nitakaa kwenye barafu na koti langu la sufu na kuteremka kwa makalio kama mtoto, hakuna atakayeniona isipokuwa madirisha, panda. Mlango umefunguka. Mjomba Arseni amepanda, wale wawili wamepanda, Inga ameweka mguu mmoja kwenye ngazi, amegeuka kunitazama, ameutoa mguu. Mlango umefungwa. Tramu imeondoka na amebaki peke yake pale na mfuko wake, naye ndiye anayefungua ofisi leo, ana funguo, Inga hajachelewa kazini hata siku moja tangu nimjue, anasubiri nini, anataka kuniona nikianguka, ndivyo mama mkwe angesema, anakaa kula kwa macho... mbona haulizi lakini. Mwingine angepaza sauti, Zhanna vipi, Zhanna una nini. Yeye haulizi. Hata mwaka jana hakuuliza.

Niliporudi mwezi wa pili, siku ya kwanza, wote walisema, walisema sana, bado kijana, utapata mwingine, mimi binamu yangu alipoteza watatu, nikawa naitikia asante, asante, Inga hakusema neno, na mimi nikajiambia anajua alichofanya. Na ule mlango. Dawati la vizazi lilikuwa mkabala na mlango wangu, baba wa watoto walikuwa wanapita pale na maua na vikapu vya watoto, vilio vile vidogo, siku ile niliporudi nilikuwa nimejiandaa kuvisikia, nilikuwa nimeuma meno tangu kwenye tramu, nikafungua mlango na mkabala wangu amekaa mzee Klara wa dawati la vifo na karatasi zake, kimya kabisa. Nikauliza Inga yuko wapi. Kahamia chumba cha mwisho, wamebadilishana, eti kule kuna mwanga mzuri. Amebeba madaftari yote mwenyewe Jumapili. Mwanga mzuri. Chumba cha mwisho hakina kipasha joto, tangu jengo lijengwe hakina, kila mtu anajua, dirisha linapitisha upepo, alikaa kule mpaka mwezi wa nne na koti lake hilohilo la bluu, anaandika watoto na glovu zilizokatwa vidole, anakohoa, nilikuwa nasikia kikohozi kutoka mwisho wa korido na nikajiambia dhamira inamsuta... dhamira gani, Zhanna. Mwanamke alibeba madaftari siku yake ya mapumziko ili wewe usisikie mtoto analia. Na yeye amevisikia vilio hivyo miaka ishirini, nani amewahi kumhamishia mlango. Na kile kiganja. Nimekikumbuka mwaka mzima kama kitu kilichochukua, lakini kilikuwa cha joto, nilisahau hilo, kilikuwa cha joto, na nilipenda kilipokaa pale. Hakuna aliyechukua kitu. Ilitoka tu. Ilitoka, na ningekuwa na mchuchumio au bapa au peku ingetoka, na mimi kwa kuogopa macho ya watu nimepanda juu ya misumari miwili nikaja kusimama kwenye kioo, nimeficha kila kitu isipokuwa hatari yenyewe.

Mguu unacheza. Wa kulia. Kisigino kinagonga barafu tik tik tik, siwezi kukizuia, na Inga ameanza kusogea, hapana, amesimama tena, anaogopa kuniaibisha, ndiyo, ndicho anachosubiri, anasubiri nimwite, amekosa tramu kwa ajili hiyo na hataki hata nijue.

"Inga."

Sauti ndogo. Tena.

"Inga, siwezi kushuka. Nina mimba."

Sauti imetoka, kubwa, imegonga ghorofa na kurudi, dirisha moja limefunguka huko juu, ghorofa nzima imesikia, na hakuna kilichotokea, barafu ni ileile, mguu unacheza vilevile, Inga ameshika mdomo kwa glovu, sasa ameiondoa, ametua mfuko wake kwenye theluji bila kutazama ulipoangukia, anaanza kupanda kwa upande, ubavu ubavu, anashika vichaka, mwanamke mnene wa mabuti makubwa, ameteleza akapiga goti, ameinuka hakujipangusa hata, ananikazia macho na mimi siyakwepi.

"Usisogee, Zhanna. Hata kidole. Nakuja."

Sisogei. Mkono wa kushoto ungali kwenye bomba, wa kulia nimeutia ndani ya koti, juu ya tumbo, madirisha na yatazame, ndoa ya saa nne na nusu itangoja, tumesimama palepale, mimi na mwanangu, tunamsubiri Inga.