Kiti cha Nani Pale Nguzoni

Solongo alipohamia chumba cha juu ya paa, mgongo wake ulikuwa mzima. Nilimwona kwa macho yangu akipandisha mizigo yake ngazi zote zile, mabegi mawili mkononi na godoro kichwani, wala hakusimama kupumua. Mimi ni dobi. Duka langu liko kwenye kona ya kichochoro, nyuma ya soko, upande wa mashariki wa Seoul, na dirisha langu linatazamana na nguzo ya umeme ambapo majirani huweka taka zao. Mtu akipita pale na jambo lake, namwona hata nikiwa nimeinamia pasi.

Alikuwa msichana wa Kimongolia, mzaliwa wa Darkhan, na kazi yake ilikuwa kutafsiri tamthilia zetu kwa lugha ya kwao, yale maneno yanayopita chini ya skrini. Alipewa zaidi zile za zamani, za wafalme na malkia na sumu kwenye supu. Alifanyia kazi chumbani, amekaa sakafuni mbele ya meza fupi ya kulia chakula, kama tulivyozoea sisi. Lakini sisi hukaa sakafuni kula na kupiga soga, hatukai kutwa tukiandika. Kufika majira ya baridi ya pili aliingia dukani kwangu akitembea wima mno, kama mtu aliyetwikwa ndoo ya maji na anaogopa kumwaga.

"Mama mdogo, sakafu imenishinda," akaniambia. Ndivyo alivyozoea kuniita, ingawa hatuna udugu.

"Si ununue kiti?"

"Kiti gani?"

Nikacheka. Nilidhani hilo nalo ni swali la kuuliza.

Alianza na duka kubwa la samani. Kijana mmoja mwenye suti alimkalisha kwenye kiti cheusi, akavuta kijiti hiki, akabonyeza kile, na Solongo aliniapia kwamba kwa dakika chache alisahau kuwa ana mgongo. Kisha akasoma bei. Ilikuwa inakula kodi yake ya miezi mitatu. Akainuka kabla kiti hakijapata joto.

Akaagiza cha bei nafuu kwa simu. Kilikuja kwenye boksi, vipande vipande, akakiunga mwenyewe. Kiti kile kilikuwa na tabia ya kuzama. Hakikuporomoka, kilizama polepole tu, bila mtu kujua.

"Asubuhi nakaa nikiwa mtu mzima," akanisimulia, "mchana najikuta mtoto, kidevu kiko mezani!"

Akakirudisha. Akampata muuzaji wa mtaa wa jirani aliyeandika mtandaoni kwamba ana kiti cha mwanafunzi, kisafi, kimetunzwa. Alipofika akakuta mwanafunzi mwenyewe yuko darasa la kwanza, na kiti kina picha za pengwini. Yule mama muuzaji aliona aibu, akaomba radhi, akainama mara nyingi, akamjazia mfuko wa machungwa. Solongo akarudi na machungwa bila kiti.

"Kila mtu hapa ananipa heshima," akasema huku akinimenyea moja, "hakuna anayenipa kiti."

Sasa asubuhi moja, baada ya theluji kuyeyuka, Solongo akakiona kiti pale nguzoni. Kilikuwa cheusi, kina magurudumu, mgongo wa wavu, na pahali pa kuegemeza kichwa. Kilikuwa kimesimama peke yake kana kwamba kinangoja mtu. Alikuwa anatoka kununua mayai sokoni. Akapita, akarudi. Akatazama huku na kule, akakikalia. Nikamwona akifumba macho.

Akaja kugonga dirisha langu.

"Mama mdogo, kile kiti kimetupwa?"

"Kiko pale tangu juzi," nikamwambia, kwa kuwa hilo ndilo nililolijua.

 Kwetu mtu akitupa kitu kikubwa hununua stika ya serikali ya mtaa na kukibandika, ndipo gari la taka likichukue. Kiti kile hakikuwa na stika. Kisicho na stika kimetupwa, au hakijatupwa? Aliniuliza, na mimi niliyezaliwa hapa nikakuna kichwa. Mwishowe akakigeuza miguu juu, akakibeba mgongoni, huyo akapanda nacho.

Siku hiyo, alivyokuja kuniambia, alifanya kazi mpaka jua likazama bila kugeuka wala kujinyoosha. Malkia wawili walipinduliwa na mmoja akapelekwa kisiwani, na mgongo wake haukusema neno.

Kesho yake nguzo ikawa na karatasi. Ilikuwa picha iliyotolewa kwenye kamera ya kichochoro: mtu mwenye miguu miwili na kiti badala ya kichwa. Chini imeandikwa kwa herufi kubwa: ULIYECHUKUA KITI, KIRUDISHE. TUNAKUJUA.

Solongo akaiona. Lakini kabla hajamaliza kuogopa, akaona maneno mengine pembeni, ya kalamu ya buluu, mwandiko mwingine kabisa: Tafadhali usikirudishe. Asante sana.

Akaingia dukani kwangu mbio.

"Mama mdogo, nirudishe au nisirudishe?"

Nikatoka na miwani yangu kusoma. Nikasoma tena. Tulipokuwa tumesimama pale tunasoma, gari la kuuzia mayai likasimama, na mwenyewe Maeng, mwanamume mnene mwenye sauti ya kipaza sauti hata akikizima, akateremka akiwa amekasirika.

"Nani ameondoa kiti changu?"

"Chako tangu lini?" nikamuuliza.

"Ninakiweka pale kulinda nafasi ya gari! Jana nimerudi nikakuta mtu kaegesha. Nimezunguka na mayai mpaka kichwa kikaniuma!"

"Maeng, wewe siku zote unaweka ndoo."

"Ndoo ilipasuka. Nikaona kiti, nikasema Mungu amenikumbuka."

Solongo alikuwa anatugeukia mmoja baada ya mwingine. Kumbe kelele zilikuwa zimefika ghorofani, maana mlango wa pili ulifunguka na Bibi Tak Pilsun akatokeza na wenzake wawili, wote wamevaa vizibao vilivyojazwa pamba. Bibi Tak ndiye mkubwa wa kichochoro chetu. Hana cheo, ila hakuna anayekumbuka kumshinda kwa maneno.

"Ni huyu!" akasema akimnyooshea Solongo kidole. "Karatasi nimeandika mimi. Mjukuu wangu ametoa picha. Wewe mtoto, umechukua kiti chetu sisi wazee!"

"Chenu vipi?" Maeng akaruka. "Ni changu!"

"Wewe nyamaza na mayai yako yaliyopasuka. Tangu benchi letu la hapa lilipong'olewa tunakaa wapi? Tulikuwa tunakaa pale kwa zamu."

"Mnakaa kwenye nafasi ya gari langu?"

"Barabara umeijenga wewe?"

Nikamtazama Solongo. Nyinyi mjue kwamba Kikorea chake kilikuwa kizuri, kizuri kuliko cha watoto wetu wengi. Lakini alijifunza kwa kutafsiri mambo ya ikulu, na akipata hofu, kilichokuwa karibu ulimini kilikuwa kile cha ikulu. Akapiga magoti palepale kwenye lami yenye majimaji, akainamisha kichwa.

"Enyi watukufu! Mimi mja mwovu nimekosa lisilosameheka! Niueni!"

  Mmoja wa wale wazee akaanza kucheka, akashika ukuta, akacheka mpaka meno ya bandia yakamtoka, akayadaka. Bibi Tak alijikaza sana, midomo ikamcheza, mwisho naye akashindwa.

"Inuka, inuka, utapata baridi ya magoti," akamwambia. "Tukuue tukazike wapi?"

Solongo akainuka, uso umemwiva. Hakuelewa kama amesamehewa au anachekwa. Aliniambia baadaye kwamba yote mawili yalikuwa yanawezekana, na hakujua ainamie lipi.

"Basi ni nani kaandika hii ya buluu?" nikauliza.

 Bibi Tak akaichungulia karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha.

"Mwandiko huu naujua," akasema taratibu. "Huu ulimpa mjukuu wangu alama mbaya za hesabu." Akainua uso kuelekea dirisha la ghorofa ya kwanza. "Mwalimu! Mwalimu Seon! Nakuona nyuma ya pazia!"

Pazia lilitikisika. Baada ya muda mwalimu Seon akateremka, amevaa kandambili, nywele hazijachanwa. Alikuwa na darasa la twisheni pale juu, watoto wakapungua hadi akafunga majira ya baridi. Hatukuwa tumemwona tangu siku hiyo.

"Kiti kilikuwa changu," akasema akitazama kandambili zake. "Nilikitoa. Sikubandika stika. Ofisi ya mtaa ikijua watanipiga faini. Kilipoondoka nilishukuru."

"Kwa nini usinunue stika, mwalimu mzima?" Maeng akamuuliza.

"Stika unaandika jina na unachotupa," akasema. "Nilishika kalamu nikashindwa. Nilikikalia kile kiti miaka kumi."

 Maeng akakohoa. Akaenda kwenye gari, akarudi na trei ya mayai, akampa mwalimu bila maelezo, na mwalimu akaipokea bila kuuliza.

"Kileteni hicho kiti," Bibi Tak akaamuru. "Tukione."

Solongo na Maeng wakakiteremsha. Bibi Tak akapanda juu yake kwa shida, akaegemea. Miguu yake ikaning'inia hewani. Kiti kikamlaza nyuma, akatoa yowe.

"Hiki si kiti, ni mtego! Mnanilaza kama kwa daktari wa meno!"

"Bibi, si mlisema mnakikalia kwa zamu?" Solongo akauliza.

"Mimi nilikuwa naweka kapu langu."

"Sasa kwa nini mlikuwa mnakitaka?"

Bibi Tak akateremka, akajipangusa kizibao. "Nani kasema nakitaka? Miaka miwili unapita mlangoni kwangu ukiinamisha kichwa kama mwizi wa kuku. Jina hujasema. Kijiko cha supu hujaomba. Halafu unabeba kiti kwenye kamera. Nilitaka uje unigongee mlango."

"Kumbe ningegonga tu?"

"Ungegonga."

"Na karatasi imeandikwa tunakujua?"

"Kama ningeandika hatukujui, ungekuja?"

 Nilimwonea huruma. Ungemtazama ungedhani anatafsiri sentensi na kila neno lina maana tatu.

"Naitwa Solongo," akasema mwishowe. "Maana yake upinde wa mvua."

"Jina refu. Nitakuita Sol. Chukua kiti chako, Sol. Mwalimu, umeridhika?"

Mwalimu Seon alikuwa ameweka mkono juu ya pahali pa kuegemeza kichwa. Akaonyesha kijiti cha chini upande wa kulia. "Hiki kinakwama," akasema. "Usikilazimishe. Ukivute huku umejiinua kidogo." Akaondoa mkono, akapanda kwake na mayai.

Maeng peke yake ndiye aliyebaki analalamika. Nikampa kapu bovu la kufulia liwe badala ya ndoo yake.

Ningeishia hapo, lakini jambo halikuishia hapo. Habari zilienea, na zilienea vibaya. Kufika wiki iliyofuata mtaa mzima ulikuwa umesikia kwamba Mmongolia wa juu ya paa anakusanya viti. Wengine waliongeza kuwa anavipeleka kwao. Asubuhi alifungua mlango akakuta kiti cha mbao cha kukunja. Siku ya pili kikawa cha kinyozi. Kisha stuli mbili za baa, na kiti cha jikoni chenye karatasi inayosema: Kwa ndugu zako wa Mongolia, pole kwa baridi. Hakukuwa na kimoja chenye stika.

"Mama mdogo," akaniambia, ameketi juu ya mashine yangu ya kukaushia, "mwezi uliopita sikuwa na kiti cha kukalia. Sasa sina pa kupita."

"Vitupe."

"Nikivitupa ni vyangu nivinunulie stika. Nisipovitupa si vyangu. Nikiviweka nguzoni Maeng atavitumia kulinda nafasi ya gari. Vya nani hivi, mama mdogo?"

Nikazima pasi, tukapanda kwake.

Tukaviteremsha kimoja kimoja, tukavipanga ukutani, nje ya duka langu, mbali kidogo na nguzo. Bibi Tak alikuja, akavikagua vyote, akavinunia vyote, akachagua stuli ya baa iliyokatwa miguu na Maeng kwa msumeno. Wenzake wakakaa. Alasiri mwalimu Seon naye akashuka, amechana nywele, akakalia kile cha kinyozi akiwa na gazeti.

Solongo hukaa nasi akipumzika kazi, kwenye kile cha jikoni. Jana kijana wa ofisi ya mtaa alipita na daftari lake, akasimama mbele yetu, akatazama viti, akatutazama sisi.

"Hivi vimetupwa?" akauliza.

 Solongo akajibu kabla yetu.

"Viko hapa tangu juzi," akasema, na yule kijana akasimama pale, kalamu mkononi, hajui aandike nini.