Amina ya Bibi Soksi

Katika nyumba ya wazee ya kanisa, Amina, lile neno la kufungia sala, ilikuwa mali ya Bibi Soksi. Hakuna aliyempa. Alijitwalia mwenyewe siku alipotangaza kwamba yeye ndiye mkubwa kuliko wote, na kwa kuwa cheti chake cha kuzaliwa kililiwa na mchwa zamani, nani angebisha? Mzee Karani alijaribu kidogo. Akaulizwa mbele za watu kama kweli anataka kushindania uzee na mwanamke, akarudi kwenye redio yake.

Ndiyo maana kila sala ya pamoja ilimalizikia kwake. Na sala kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya kuagana. Kila mwaka kanisa lilileta binti mmoja wa kujitolea, akae nao miezi kumi na miwili, afue mashuka, awanyweshe uji, awabebe wasioweza kutembea. Mwaka ukiisha, wazee walikaa duara sebuleni, binti akawekwa katikati kwenye kigoda, kila mmoja akamwombea kwa zamu. Mama Msimamizi, mkuu wa nyumba, alikuwa na sheria moja isiyopinda: macho yamefumbwa, na mtu haondoki mpaka Amina imesemwa.

Binti wa mwaka huu hakuwa kama waliomtangulia. Mmoja alizimia alipoona meno ya bandia kwenye glasi. Mwingine aliwasemesha wazee kwa ile sauti ya kubembelezea watoto wachanga, mpaka Fundi Cherehani, ambaye sikio lake moja lilikufa zamani, akamshukuru Mungu kwa sikio hilo. Huyu wa sasa alifika, akamtazama Bibi Soksi na jozi zake tatu za soksi, akasema, "Bibi, humo ndani kuna miguu, au umehifadhi vitunguu?"

Bibi alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi alikubali kuzivua, soksi zote sita, miguu ikaingia kwenye beseni la maji ya vuguvugu na chumvi, kucha zikakatwa huku wakisengenya nyumba nzima. Mtu mwingine hakuruhusiwa kuiona miguu hiyo. Hata daktari alikuwa anaipima kwa kukisia.

Sasa Jumamosi ya mwisho ikafika. Binti alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na Jumatatu asipoitika jina, nafasi inakwenda kwa mwingine. Basi la kumfikisha huko lilikuwa moja tu kwa wiki, na liliondoka saa nne. Bibi aliyajua yote hayo, maana binti alimwambia miguu ikiwa kwenye beseni. Akampa hongera, akamwombea heri. Kisha, alipokwisha kuvaa soksi zake, akaanza kupita kitanda kwa kitanda.

Alichotaka kilikuwa kitu kidogo tu. Mzee Karani aliombwa aiombee dunia, nchi moja moja kwa alfabeti, asiruke hata visiwa. Fundi Cherehani aliombwa aombee kila nguo aliyowahi kushona, na aliyeivaa. Kila mmoja aliahidiwa biskuti mbili kutoka kwenye lile kopo ambalo siku zote Bibi alisema halipo. Sababu hakuwaambia. Sala ingeanza saa tatu, basi lingeondoka saa nne, Amina ingekuja kama saa tano hivi. Binti angekosa basi, angekosa chuo, angebaki. Akishabaki atazoea, Bibi alijiambia, na chuo ni chuo tu, hakina miguu.

Sala ikaanza, watu wakafumba macho. Bibi Soksi akafumba moja. Tangu utotoni alisali hivyo. Alisema la kulia linamtosha Mungu, la kushoto ni la kuangalia walimwengu wasije wakamchukulia kiti.

Mzee Karani alianzia herufi A bila haraka. Alipofika kwenye nchi zenye milima, akaombea na milima. Nje, dereva wa kanisa, aliyekuja na gari kumpeleka binti kwenye basi, akapiga honi mara moja, kwa adabu. Karani akamwombea dereva, kisha akarudi pale alipoishia. Fundi Cherehani alipopokea zamu alianza na kaptula ya shule aliyoshona ujanani, akaomba msamaha kwa suruali ya bwana harusi mmoja iliyopasuka madhabahuni, akanyamaza. Watu wakadhani amemaliza, kumbe alikuwa anakumbuka vifungo.

Honi ikalia tena. Safari hii adabu ilikuwa imepungua.

Jicho la Bibi likamwona binti anavua viatu. Akainuka kigodani polepole, viatu mkononi, begi begani, akapenya kati ya kiti cha Karani na cha Mama Msimamizi kama paka aliyetoka kuonja maziwa. Alipofika mlangoni akageuka awatazame mara ya mwisho, na hapo akakutana na lile jicho.

Wakatazamana. Binti alikuwa analia, lakini hakuomba kitu. Alionyesha zile soksi sita, akaigiza mtu anayekata kucha, akamnyooshea kidole Mama Msimamizi, kisha akakunja uso kwa ukali: umruhusu. Yaani mtu anaaga kwa machozi na bado anagombeza watu kuhusu kucha.

Neno moja tu lingetosha. Bibi aseme mtoto huyo anatoka, macho yote yafumbuke, Mama Msimamizi amrudishe kigodani, na Karani bado alikuwa na visiwa mfukoni.

"Na vifungo vyote, Bwana," Fundi akamaliza.

Zamu ilikuwa ya Bibi. Na geti la nyumba ile, kila mtu alijua, lilikuwa linalia kama mbuzi.

Bibi akavuta pumzi. "Bwana," alianza, kwa sauti iliyofika hata kwenye sikio lililokufa la Fundi, "nakuletea huyu mtoto. Asikose basi maisha yake yote. Akishika sindano, mkono wake usitetemeke. Ukimpa mume, awe mwenye miguu safi. Na akisahau kula kwa ajili ya vitabu, mkumbushe wewe, maana mimi nitakuwa mbali."

Geti likalia. Bibi akaanzisha pambio, ubeti wa kwanza na wa pili mfululizo, akaliimba mpaka injini ilipowaka na gari likapotea kwenye kona. Ndipo akasema Amina, kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

Macho yakafumbuka. Kigoda kilikuwa kitupu.

"Amenyakuliwa mbinguni," alisema Mzee Karani taratibu. "Jamani, amenyakuliwa, sisi tumeachwa."

Fundi Cherehani alipoelezwa, akamgeukia Mama Msimamizi kwa masikitiko makubwa. "Hata wewe, Mama? Sisi tulikuwa tunakutegemea."

Mama Msimamizi alijipapasa mabega, kama anayehakikisha kweli amebaki. Kisha akili zikamrudia, akamwendea Bibi Soksi na kumuuliza kama hakuona kitu.

"Mimi, mwanangu? Nilikuwa nimefumba macho."

Mama Msimamizi akamwinamia. Jicho la kulia lilikuwa kavu kabisa. La kushoto lilikuwa limelowa mpaka shavuni.

"Vumbi tu la hilo gari," alisema Bibi.

"Gari gani, Bibi?"

Bibi Soksi akainua miguu yake miwili na soksi zake sita, akaisogeza mbele ya Mama Msimamizi.

"Jumamosi ijayo utaleta beseni," alisema. "Maji yasiwe ya moto. Na ukicheka, nazivaa."

Huko nyuma Mzee Karani alikuwa anauliza kama walioachwa duniani bado watapewa biskuti.