Kimya cha Mstari wa Tatu

Leonidasi hakuwa na baba; baba alibaki upande huu wa ziwa, Rumonge, wengine walipokimbilia Tanzania mwaka wa sabini na mbili, na hakuna aliyemwona tena. Hakuwa na kinanda. Alijifunza kupanga sauti nne kwa kugonga chupa nane zilizotiwa maji. Hakuwa na viatu mpaka siku ya kipaimara. Hakuwa na mtu wa kumlipia sekondari, hakuwa na diplome, hakuwa na mjomba padri, wala hakuwa na sauti ya kuimbia. Hata waliompenda walimwomba aongoze kwa mikono tu, mdomo aufunge.

Hayo yote aliyataja mwenyewe hadharani, kwa maringo. Katika makazi ya wakimbizi Tanzania alilima tumbaku mchana, jioni akasoma, na kabla ya kutimiza miaka thelathini alikuwa ametunga misa tatu. Aliporudi Rumonge alianzisha korali iliyoalikwa Bujumbura, Bukavu na Kigoma. Kisha akashika njia ya ziwa, kutoka Muhuta mpaka Nyanza-Lac, na redio ya kurekodi begani, akikusanya nyimbo za kazi na kuziandika kwa nota. Walimu wa chuo kikuu walianza kumwita Profesa, nusu utani. Yeye akalipokea jina zima.

Sasa kitabu chake kilikuwa kinakwenda kuchapwa, na moyo wa kitabu ulikuwa sura ya nne: wimbo wa wanawake wakamua mawese wa Gatete. Katika mstari wa tatu wa wimbo ule waimbaji hunyamaza pigo moja, mahali ambapo wimbo mwingine wowote ungeendelea. Leonidasi aliandika kurasa ishirini kuhusu kimya kile. Alisema kilitoka kwenye ngoma za kale, kikapita mama kwa binti kwa miaka mia tatu. Kwa ajili ya sura hiyo alisimama mbele ya watu wenye diplome za kweli, nao wakaandika aliyoyasema.

Mwezi wa sita, Irakoze, binti aliyekuwa akitengeneza kitabu kule Bujumbura, alimtumia karatasi za kusahihisha pamoja na maneno machache: "Mzee wetu, mama anayeimba katika picha ya sura ya nne hana jina. Tunaomba jina lake kabla ya tarehe ishirini."

Leonidasi akavaa koti, akaenda Gatete.

Alimkuta mama yule kwenye mashine ya kukamua, mikono myekundu mpaka viwikoni, yeye na mkamwana wake Anita.

"Amahoro, mwalimu," alisema mama yule, Marcelina. "Leo umekuja kununua mawese ama kutuimbisha?"

"Amahoro, mama. Nimekuja kuandika jina lako kwenye kitabu."

"Jina langu? Kwani nimekosa nini?"

Anita akacheka. Leonidasi akakaa juu ya dumu, akafungua karatasi, akawasomea vipande vya sura ya nne, polepole, kama anavyosoma mbele ya wageni. Marcelina alisikiliza mpaka mwisho huku akijifuta mikono kwa makapi ya mawese.

"Umeandika vizuri," alisema. "Lakini huo wimbo si wa wazee, mwalimu. Ni wangu. Nilikuambia siku ile uliponirekodi."

"Wewe ndiye unayeuanzisha, mama, sawa. Lakini uliupokea kwa mama yako."

"Mama yangu alikuwa wa mlimani, alilima maharage. Alikufa hajaona mashine ya mawese."

"Na pale mnaponyamaza? Mstari wa tatu?"

Marcelina alimtazama Anita, na Anita akaziba mdomo.

"Pale? Pale mashine inaruka. Parafujo iko na jino limekatika, tangu marehemu mume wangu Isaka alipoileta toka Nyanza-Lac, tulipotoka ukimbizini. Ukifika pale chuma kinakuvuta, karibu uanguke. Sasa mutu ataimba namna gani wakati anaanguka? Nikaona heri tunyamaze wote pamoja, tushike nguvu. Njoo, shika."

Leonidasi akashika ule mtaimbo mrefu, akausukuma akizunguka na wanawake wale, viatu vyake vikiteleza kwenye mafuta. Marcelina akaanza wimbo. Mstari wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Katika wa tatu chuma kiliruka, kikamvuta mbele, kofia ikaanguka, na tumbo lake likagonga mtaimbo. Kimya kilidumu pigo moja kamili. Kisha wanawake wakaendelea kuimba, na yeye akabaki amesimama.

"Ngoma za kale hizo, Profesa!" alisema Anita.

"Nyamaza wewe," Marcelina alimkemea, akaokota kofia na kuipangusa. "Usijali, mwalimu. Andika unavyotaka. Wewe ndiye umesoma."

Ingekuwa afadhali angempiga kofi.

Njia nzima ya kurudi Leonidasi alitazama miguu yake. Alikumbuka jambo ambalo hakuwa amelifikiria kwa miaka. Korali yake ilikuwa na sheria: anayetaka kuingia asome kwanza do-re-mi ubaoni, asiyeweza atoke. Siku moja alikuja mama mwenye kitenge cha kijani, akautazama ubao, akasema, "Uuimbe mara moja tu, mwalimu, nitaushika." Leonidasi alimwonyesha mlango kwa kijiti chake cha kuongozea, na korali nzima ikacheka. Miezi michache baadaye alimrekodi mama huyo huyo, Marcelina, kule Gatete, amevaa kitenge hicho hicho, na hakumtambua. Marcelina bila shaka alimtambua, na bado akamwimbia.

Nyumbani alitoa kaseti ile ya Gatete kwenye sanduku, akaiweka kwenye redio. Ikasikika mashine ikilia, kisha sauti yake mwenyewe, changa kidogo: "Nani amekufundisha wimbo huu, mama?"

"Sikufundishwa. Nimeutunga mimi."

Kikafuata kicheko kifupi cha puani. "Haya, haya, mama. Endelea."

Mkewe, Marguerite, alikuwa mlangoni akichambua mchele.

"Huyo anayecheka hivyo ni nani?"

"Ni mimi."

"Kumbe," alisema Marguerite, akaendelea kuchambua.

Kicheko kile Leonidasi alikijua. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alimpelekea padri misa yake ya kwanza, ameinakili kwa kalamu ya bluu na nyekundu. Padri akacheka puani hivyo hivyo, akamwuliza ameiiba wapi. Kisa hicho Leonidasi alikisimulia kila mji alioalikwa, na watu walimsikitikia sana. Sasa uso ulimwaka kama wa mtoto aliyekutwa uchi barabarani.

Kesho yake alikuja Fabiano, msaidizi wake katika korali, na Leonidasi akamweleza yote bila kumtazama machoni.

"Sasa shida iko wapi?" alisema Fabiano. "Wamekuomba jina, wape jina. Liweke chini ya picha, basi. Nani wa chuo kikuu atakuja Gatete kusukuma mashine ya mawese?"

"Hakuna."

"Eh! Basi? Ukiitoa sura ya nne, mzee, unabaki na nini? Orodha ya nyimbo. Hawatakuita tena popote."

Yote hayo yalikuwa kweli. Fabiano alipoondoka, Leonidasi alikaa mezani akaandika barua ya mistari mitatu: mwimbaji katika picha anaitwa Marcelina. Akaisoma. Neno lile mwimbaji likamtazama. Hapakuwa na uongo ndani yake, na bado hakuweza kutia sahihi. Akaichana, akachukua karatasi nyingine.

"Binti yangu Irakoze," aliandika, "sura ya nne iondolewe yote. Wimbo huu si wa kale. Umetungwa na Mama Marcelina wa Gatete, aliye hai, na popote wimbo utakapobaki kitabuni jina lake liandikwe kama mtunzi, si mwimbaji. Aliniambia hivyo mwenyewe, nami nikamcheka, kwa sababu sikuamini kwamba mtu asiyesoma nota anaweza kutunga kitu ambacho mimi sikuweza. Kimya cha mstari wa tatu kinatoka kwenye mashine iliyokatika jino. Ni yeye aliyekigeuza kuwa muziki. Waonyeshe barua hii wale walionialika. Kama kitabu hakiwezi kutoka bila sura hiyo, kisitoke."

Alimsomea Marguerite. Neno nikamcheka akalisoma mara mbili ili lisikike.

"Na Marcelina mwenyewe utamwambia nini?" aliuliza Marguerite.

"Sijui bado. Hilo ni gumu kuliko barua."

Gundi ilikuwa imekauka kwenye kichupa. Marguerite akamega bugali kidogo uliobaki mchana, akaulainisha kwa maji, akampa. Leonidasi akapaka ukingo wa bahasha kwa kidole, akaukunja, akaukandamiza kwa kiganja mpaka ukashika. Akatembea mpaka kituo cha magari, akampa Hamidou, dereva anayebeba barua za Bujumbura.

"Ndicho kitabu hiki, Profesa? Mbona chembamba?"

"Ni barua tu. Mpe Irakoze mkononi."

Hamidou akaitia barua chini ya kioo cha mbele, akawasha gari, akaelekea Bujumbura.