Fahali wa Govert na Binti Mfalme

Govert, mchinjaji wa mji wa Haarlem, alikuwa na fahali mweupe ambaye alishindwa kumchinja. Kila akiinua kisu, fahali humlamba mkono, na kisu hushuka chenyewe. Mwishowe akaamua amchoreshe, picha aitundike sebuleni.

"Ng'ombe sebuleni kwangu?" Neeltje mkewe akang'aka. "Atatokea dirishani, na wewe nyuma yake!"

Govert akaenda kumlilia shida jirani yake Barent, mchoraji.

"Hilo dogo," Barent akasema. "Kuna kisa cha miungu ya kale. Binti mfalme, Europa, kapanda mgongoni kwa fahali mweupe. Europa tumfanye mkeo. Nani atakataa kuwa binti mfalme?"

Neeltje hakukataa. Wiki nzima alikaa juu ya pipa la samaki wa chumvi, shanga shingoni, kashika mpini wa ufagio badala ya pembe.

Picha ikaja, ndogo kama ubao wa kukatia jibini, rangi zake za mafuta zikimeremeta. Majirani wakaalikwa, bia ikamiminwa. Govert alipoona hata kovu la sikioni mwa fahali halikusahauliwa, machozi yakamlengalenga.

Ndipo mama mkwe wake, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko visu vya mkwewe, akauliza, "Sasa hawa wanakwenda wapi?"

"Ng'ambo ya bahari," Barent akajibu. "Huyu si fahali hasa, mama. Ni Jupita, mkubwa wa miungu, kajigeuza. Anamwiba binti."

"Akamfanye nini?"

Barent akakohoa. "Walipata watoto watatu."

Macho yote yakamgeukia Govert.

"Ngoja kwanza," Govert akasema. "Mimi niko wapi?"

"Wewe hukuchorwa."

"Mke wangu anaibwa na ng'ombe wangu, niliyemlisha kwa mkono huu, halafu mimi sipo?"

"Uko sokoni unauza maini," mama mkwe akamjibu, na nyumba nzima ikaangua kicheko. Jirani mmoja bia ikamtokea puani.

Asubuhi Govert akaibeba picha kwapani kuirudisha. Alipopita zizini fahali akanyoosha ulimi. "Usinizoee!" akamfokea.

Barent akaikagua picha. "Imebaki nafasi ufukweni tu, hapa pembeni, kama ukucha. Nikuchore unafanya nini?"

Govert akafikiri. "Nakimbia. Naingia majini."

"Kwani unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Basi utakufa maji, ndugu yangu."

"Wewe chora tu!"

Iliporudi, Neeltje aliitafuta tofauti mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Akakiona kijitu chenye aproni ya damu, kofia imepeperuka, kiatu kimoja kimebaki mchangani, mdomo wazi, maji yamefika magotini. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akamgeukia mumewe.

"Na unavyoogopa maji wewe! Hata mfereji huu hapa unauzunguka."

"Niliona nisikuache uende hivihivi," Govert akasema, masikio yamemwiva.

Mama mkwe akainama, akatazama. "Hamfikii huyo."

"Hata kama, mama," Neeltje akasema, akijifuta macho. "Mwone anavyokimbia."

Wiki hiyohiyo fahali akapelekwa, mzima, kwa mkulima wa mbali. Govert aliwaambia watu kwamba hana ugomvi naye. Hakupenda tu namna alivyokuwa akimtazama Neeltje.