Muvumu wa Mzee Asmani

Nafisa aliporudi Rumonge kutoka ukimbizini Tanzania, alikuta kiwanja cha marehemu baba yake, Mzee Asmani, kimegeuka shamba la mihogo la jirani, Venanti. Kilichosalia ni muvumu tu, ule mti mkubwa ambao Mzee Asmani aliupanda langoni siku alipojenga. Huku kwetu muvumu wa langoni ndio shahidi wa mwenye mji. Watu hufa, wengine hununuliwa, mti wenyewe umesimama tu. Nafisa akapiga kibanda chini yake, akawaita bashingantahe, wazee wanaoamua kesi za ardhi. Wakaahidi kuja Alhamisi.

Venanti si mjinga. Mti hakuugusa. Alimwendea Karimu, mwana wa Nafisa, kijana aliyezaliwa kambini, mshika dini hasa, ila nchi yake haijui.

"Karimu, weye uko Muislamu ya kweli," akamwambia. "Sasa ile muti iko inafanya nini kwenu? Bazee ba zamani balikuwa banaomba mizimu pale chini."

Jumatano Nafisa alikwenda Magara kununua ndagala, dagaa wa ziwani. Aliporudi, juu ya kibanda aliona mbingu tupu. Karimu alikuwa akipasua kuni, uso umemnawiri kama mtu aliyejipatia thawabu. Nafisa aliketi chini na kapu lake, akalia kama aliyefiwa.

"Lakini shina bado iko, mama," Karimu alisema. "Bazee bataliona."

Kweli, Alhamisi wazee waliliona. Wala Venanti hakukana kwamba palikuwa na muvumu. Aliuliza tu ni nani aliyeukata.

"Ni mimi," akasema Karimu, maana uongo hajui.

"Bazee, mumeshaona mutu anakata muvumu ya babu yake?" Venanti akawauliza.

Hawajaona. Mrundi atalala na njaa kabla hajautia shoka muvumu wa kwao.

"Mutoto alizaliwa ukimbizini," Nafisa alisema. "Hajui mambo ya hapa."

"Ni ile tunasema, mama," mkubwa wao akajibu kwa upole. "Mutoto wa hapa angejua."

Kesi ikaishia hapo. Chakula kilikuwa kimeshaiva, na Nafisa hakulelewa kumnyima mgeni. Akawapakulia ugali na ndagala zilizonuka moshi wa kuni mbichi. Yeye mwenyewe hakula. Venanti alikula akashiba, akasema murakoze, yaani asante, kisha akamwomba Karimu amsaidie kubeba kuni zilizobaki, kwa kuwa sasa zilikuwa zake.