Silinda ya Breki ya Gari la Mama

Warigia hakuwahi kuona watu wanaopenda vikao kama kaka zake. Waambie nyumba inaungua, watachagua mwenyekiti kwanza. Breki za Probox, gari la familia, zilikufa kijijini Wamagana wakati mama yao, Wachuka, anasubiri kutolewa mtoto wa jicho mjini Nyeri. Theuri, kifungua mimba, akaitisha kikao. Maombi yakaombwa, chai ikanywewa, na birika lilipobaki majani matupu ndipo kilichoharibika kikatajwa: silinda kuu ya breki, ile inayosukuma mafuta ya breki dereva akikanyaga.

"Mimi siwezi wekea gari ya maitu kitu imetumika," Theuri alisema, akimwita mama kwa Kikuyu na kujiweka sawa koti. Koti lenyewe lilitoka mitumba ya Karatina, na Warigia ndiye aliyelipigania bei. "Itanunuliwa mpya. Nairobi. Orijino."

Ken, kitinda mimba, alihudhuria kwa simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. "Mpya za siku hizi ni feki tupu," alisema. "Afadhali ile imetolewa kwa gari ya Japani. Isse, yule muuza spea wa Nanyuki, ako nazo."

Fundi Mutahi naye alisema ile ya zamani inaweza kufufuliwa kwa kubadilishwa mipira ya ndani tu. Theuri alipokunja uso, akasema mpya pia ni nzuri. Ken alipokohoa, akasema za Japani hazina mfano. Mutahi hukubaliana na yeyote aliyesema mwisho, ndiyo maana hana adui kijiji kizima.

"Si tuite teksi tu?" Warigia aliuliza.

"Teksi? Na tuko na gari? Ati watu ya Wamagana waseme nini?" Theuri alimaka.

Kikao kikaahirishwa, na kilichofuata kikaenda vivyo hivyo. Madaktari wa macho walikuwa wageni, wamekuja kwa muda mfupi. Wangefanya jicho la kushoto, wiki inayofuata wafanye la kulia, kisha waende zao, na hakuna aliyejua wangerudi lini. Wakati wanaume wakijadili heshima ya gari, mama alikuwa akimimina chai nje ya kikombe na kuomba radhi kwa meza.

Warigia akachoka. Alimwita Mutahi, akamfungulisha silinda mbele ya macho yake. Kuta za ndani zilikuwa laini, hazina hata mkwaruzo. Ni mipira iliyochakaa. Ya Isse ingekuja na mipira mikuukuu vilevile, na mpya ya Theuri ilikuwa bado maneno mdomoni. Akaagiza mipira mipya, Mutahi akaifunga, wakalijaribu gari kwenye mteremko mpaka Warigia akaridhika. Mama akapelekwa. Bandeji ilipotolewa jicho la kushoto, alimtazama binti yake akamwambia amekonda, na Warigia akalia kwa furaha pale pale wodini.

Siku moja kabla ya zamu ya jicho la kulia, Theuri alifika na boksi mkononi kama bwana harusi na keki.

"Nani alipitisha hiyo ingine?"

"Inafanya kazi," Warigia alisema. "Ngoja basi tutoke hospitali, halafu ubadilishe."

"Kikao hakikukaa! Mutahi, toa hiyo takataka."

Aliyesema mwisho ni Theuri, kwa hiyo Mutahi akashika spana.

Silinda ilipotoka, Theuri aliomba nyundo. Ndivyo wanavyofanya wajanja wa kwetu: kifaa kikitolewa, unakiponda palepale, fundi asije akakipaka rangi na kumuuzia mwingine. Alikiponda kwa bidii ambayo shamba la marehemu baba yake halijawahi kuiona. Alipomaliza, akajifuta jasho, ndipo akafungua boksi.

Silinda iling'aa. Ilikuwa orijino kweli, hilo hata Warigia alikubali. Ila ilikuwa ya modeli nyingine. Matundu ya boliti hayakukutana, na mirija ya mafuta ilielekea upande usio na kitu.

"Si inaweza tobolewa kidogo?" Theuri aliuliza.

"Inaweza," Mutahi alisema.

"Haiwezi!" Warigia alifoka.

"Haiwezi," Mutahi alisema.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, akitazama kila kitu. Theuri akamwendea, nyundo bado mkononi.

"Usijali, maitu. Kesho nitaita teksi."

"Usisumbuke," mama alisema. "Miaka yote hii nimekuwa nawasikia tu mkiongea mambo makubwa, nikajivunia. Sasa nimeona. Kama hili jicho lingine litanionyesha haya haya, wacha lilale."

Theuri akacheka, akidhani ni mzaha. Warigia hakucheka. Jioni nzima alimbembeleza, akamwambia habari ya wajukuu, ya kusoma Biblia, ya kahawa iliyoanza kuiva. Mama alimsikiliza, akamshukuru, akaenda kulala.

Asubuhi teksi ilisimama langoni ikapiga honi, ikapiga tena. Mama alikuwa jikoni na ungo wa maharagwe magotini, kichwa amekiinamisha upande ili jicho lake zima lione mawe, na hakukiinua.